Sindano ya Mgongo Wakati wa Kujifungua: Uliza Kabla Uchungu Haujaanza

Wengi huzungumzia sindano ya mgongo ya kuzuia maumivu kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ziko njia mbili, nami nimezipitia zote: epidurali kwa mtoto wa kwanza, na ganzi ya uti wa mgongo kwa wa pili, aliyezaliwa kwa upasuaji. Katika epidurali, daktari wa usingizi huacha mpira mwembamba nje kidogo ya utando unaofunika uti wa mgongo, na dawa huongezwa humo kadiri uchungu unavyoendelea. Hushika baada ya dakika 10 hadi 20 hivi. Ile nyingine huchomwa mara moja, ikavuka utando huo, ikashika upesi na kuisha baada ya saa chache, na kwa hiyo hufaa zaidi kwa upasuaji kuliko kwa uchungu wa usiku kucha.

Kwangu, sindano yenyewe haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kutulia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, mgongo nimeutunisha nyuma, mkunga amenishika mabega, na hapo hapo uchungu ukanijia. Nilisema, "Daktari, subiri kidogo," naye akasubiri upite. Semeni, akina mama. Hakuna atakayewaona wasumbufu.

Presha inaweza kushuka, ndiyo maana hutundikiwa dripu na kupimwa mara kwa mara. Huenda pia ukatetemeka, ukawashwa mwili, au ukahitaji mpira wa mkojo. Baada ya epidurali, takribani mwanamke mmoja kati ya 100 hupata kichwa kikali kinachozidi akiketi na kupungua akilala. Usikivumilie nyumbani, kwa kuwa kina tiba. Ule uvumi wa mgongo kuuma maisha haujathibitishwa na tafiti, ingawa mahali pa sindano hubaki na maumivu kwa siku kadhaa. Kusukuma mtoto kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi, lakini epidurali haiongezi uwezekano wa kufanyiwa upasuaji.

Maswali haya yaulize kliniki, maana uchungu ukishapamba moto hakuna anayesikiliza maelezo. Mweleze daktari iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) chache, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Uliza pia kama daktari wa usingizi hupatikana usiku, na kama hapatikani, utapewa nini: gesi ya kuvuta, au sindano ya pethidini, dawa ya kupunguza maumivu.