Kukariri fasili za Kiingereza: nilipokosea na ninavyofanya sasa

Ndugu, umesema una miezi minne unakariri maneno 20 ya Kiingereza kila siku pamoja na fasili zake. Ukijipima unapata karibu yote, lakini ukikaa kuandika hakuna linalokuja, na ukilazimisha moja liingie, anayesoma anakunja uso. Wengi wameshakujibu kwamba uachane na kamusi usome vitabu tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Kamusi haina kosa. Kosa liko kwenye namna tunavyozisoma fasili, na nasema hivyo kwa sababu nilifanya hicho unachofanya kwa karibu miaka miwili, mpaka nilipoaibika.

Aibu yenyewe ilikuwa hivi. Niliombwa nimwandikie mwenzangu wa kazini barua ya kumpendekeza. Nikataka kusema kwamba anajulikana kwa bidii yake. Kwenye kadi zangu nilikuwa na "notorious", na nyuma ya kadi nimeandika "anayejulikana sana", kama kamusi yangu ndogo ya mfukoni ilivyosema. Basi nikaandika "notorious for his hard work" na nikajiona nimeandika. Aliyeipokea barua alinipigia simu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kuna jambo kuhusu huyu bwana ambalo nataka kumwonya. "Notorious" ni kujulikana kwa ubaya: jambazi sugu, kona ya barabara inayoua watu kila mwezi. Kamusi ile haikunidanganya, ilifupisha tu.

Na jambo hili unalijua tayari kwa Kiswahili bila kufundishwa na mtu. Kufa, kufariki na kukata roho: ukiyapa fasili ya maneno matatu, yote ni "kutokwa na uhai". Lakini hakuna anayesema mbuzi wake amefariki, labda awe anatania. Na anayesema mtu "alikata roho" anasimulia dakika yenyewe ya kifo, si habari ya msiba. Haya hukuyasoma kwenye kamusi. Umeyasikia mara elfu. Kwa Kiingereza mara elfu hizo hatunazo, ndiyo maana fasili inabidi tuisome kwa makini kuliko mwenye lugha yake.

Fasili nzuri, hasa ya kitenzi au nomino, ina kichwa na mkia. Kichwa kinakuambia neno ni la ukoo gani, mkia unakuambia linatofautianaje na ndugu zake. Mimi nilikuwa nakariri vichwa. Chukua ukoo wa kutazama. "Glance" ni kutupa jicho mara moja na kuliondoa. "Gaze" ni kutazama kwa muda mrefu, mara nyingi kwa kupendezwa au ukiwa umezama kwenye mawazo. "Stare" ni kukodolea macho, na kumfanyia mtu hivyo ni utovu wa adabu. "Glare" ni kumkazia macho kwa hasira. "Gape" ni kushangaa mdomo wazi. "Peer" ni kutazama kwa kujitahidi kwa sababu huoni vizuri: mwanga hafifu, maandishi madogo, ukungu. "Peep" ndiyo kuchungulia kwetu, kwa siri, kupitia upenyo. Kwenye daftari langu la zamani "peer" na "peep" zote nilikuwa nimeziandikia "chungulia", kwa hiyo kila mzee aliyetafuta namba ya nyumba gizani nilimfanya mdokozi.

Halafu kuna "glimpse", ambayo ilinisumbua zaidi ya zote. Nilidhani ni "glance" nyingine. Nilipoisoma fasili polepole nikaona kichwa chenyewe kimebadilika: si kutazama, ni kuona. Ukitupa jicho umekusudia. Hiyo nyingine inakutokea tu, kitu kinapita na wewe unakiona nusu sekunde. Ndiyo maana mtu anasema "I caught a glimpse of her", kama vile amedaka kitu kilichokuwa kinaponyoka. Ukoo huu mmoja, maneno manane, ulinichukua wiki nzima. Kwa mahesabu yako ya maneno 20 kwa siku huo ni uvivu. Ila maneno hayo manane sijawahi kuyasahau wala kuyachanganya tena.

Kuhusu kamusi ya kutumia: naona unatumia ile kubwa ya wenye lugha kwa sababu umeambiwa ya wanafunzi ni ya watoto. Hapana. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alilifasili neno jepesi "network" kwa kutumia "reticulated", "decussated" na "interstices", yaani ukitoka hapo una maneno matatu mapya ya kutafuta na bado hujui wavu ni nini. Mwaka 1935 Michael West na James Endicott wakatoa kamusi ya wanaojifunza Kiingereza ambayo fasili zake zote ziliandikwa kwa maneno 1,490 tu. Wachapishaji Longman wakafuata njia hiyo mwaka 1978 kwa maneno kama 2,000. Mwaka 1987 ikaja kamusi ya COBUILD, chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ambayo inafasili kwa sentensi kamili: badala ya kukutupia kisawe, inakuambia kwamba mtu akifanya kitu fulani, anafanya hivi na hivi. Mimi hii ya mwisho ndiyo iliyonifungua macho, maana ndani ya sentensi unaona nani anafanya, anamfanyia nani, na neno linakaa wapi. Kazi hizi zimefanywa kwa ajili ya watu kama sisi. Kamusi kubwa naifungua baadaye, nikitaka historia ya neno.

Sasa kuna kitu ambacho hata fasili nzuri hukipitia juu juu, nacho ni marafiki wa neno. "Commit" kamusi fupi itakuambia ni kutenda. Basi mtu anaandika kwamba wanafunzi wa kujitolea "committed many good deeds", na msomaji anasubiri kusikia wameiba nini, kwa sababu kwa maana hiyo "commit" hutembea na uhalifu, dhambi na kosa. "Cause" nayo, ingawa fasili yake haina ubaya wowote, husababisha zaidi ajali, hasara na maumivu kuliko furaha. Sinclair huyohuyo alionyesha kwamba "set in" huja na mambo mabaya: kuoza, kukata tamaa, hali mbaya ya hewa. Ukiandika "happiness set in" sarufi iko sawa na fasili iko sawa, lakini sentensi inanuka. Dawa yake ni ya kuchosha kidogo: usifunge kamusi baada ya fasili, soma mifano yote chini yake na ujiulize ni vitu gani vinajirudia pembeni ya neno. Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi siku hizi, kuliko kwenye fasili yenyewe.

Umeuliza pia kwa nini maneno hayaji ukiandika wakati kwenye majaribio unayajua. Angalia unavyojipima. Unatazama neno, unakumbuka fasili. Hiyo inakufundisha kulitambua neno ukilikuta, na nina hakika ukisoma gazeti siku hizi unaelewa zaidi kuliko zamani. Lakini kuandika kunakwenda kinyume: una maana kichwani, unatafuta neno. Geuza kadi. Mbele weka fasili uliyoiandika mwenyewe, kwa Kiswahili ukipenda, pamoja na sentensi uliyoikuta yenye pengo mahali pa neno. Nyuma weka neno. Wiki ya kwanza utafeli vibaya sana, mimi nilipata 3 kati ya 20, nikataka kurudia njia ya zamani iliyonipa 19. Usirudi.

Fasili ya kuandika mwenyewe sikuisema kwa bahati mbaya. Nikikuta neno jipya nalisoma ndani ya sentensi yake, nakisia maana, naandika fasili yangu kwa penseli, ndipo nafungua kamusi. Ninachojifunza kiko kwenye tofauti kati ya fasili yangu na yao. Kuna maneno yanakataa kabisa neno moja la Kiswahili. "Awkward" kwa mfano: ukimya wa watu wawili waliogombana jana na leo wamekutana kwenye lifti, mkono usiojua uwekwe wapi, swali linaloulizwa wakati usiofaa, kabati lisilopita mlangoni. Nimeacha kulitafutia kisawe. Kwenye daftari nimeandika tu hayo mambo manne.

Idadi. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati, katika utafiti wake wa mwaka 2006, alikadiria kwamba ili ujue asilimia 98 ya maneno kwenye riwaya au gazeti unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (familia ni neno moja pamoja na maumbo yanayotokana nalo). Najua mtu akisikia hivyo anapiga hesabu: 20 mara 365 ni 7,300, mwaka mmoja na kitu nimemaliza. Nami nilipiga hesabu hiyo. Haihesabu kusahau, jambo ambalo mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishalipima tangu 1885 kwa kujikaririsha silabi zisizo na maana: kingi kinapotea siku ya kwanza. Na neno lisilo na sentensi halina tofauti kubwa na silabi zake zile. Kama unasomea chuo, anza na orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina familia 570 zinazojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi. Hutapoteza muda.

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki ambayo mdau mmoja ameisifia: inasaidia kukumbuka, haisaidii kukisia. "Egregious" imetokana na kundi la mifugo, yaani aliyejitokeza nje ya kundi, na zamani ilikuwa sifa. Leo ni kosa la wazi la kutisha. Ukiikisia kwa mzizi utarudi kwenye barua yangu ileile.

Na hizo kadi 2,000 na zaidi ulizonazo usizitupe. Zipitie, utoe yale maneno unayokumbuka kuyakuta kwenye maandishi halisi angalau mara moja, mengine uyaweke kwenye boksi mpaka yatakapokutafuta yenyewe. Mimi nilibaki na mia tatu hivi. Anza kugeuza hizo. Ukikwama na neno liandike hapa, lakini liandike na sentensi uliyolikuta nayo, maana bila sentensi hata mimi nitakutajia kisawe tu.