Kabla ya rangi: barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha pia. Unauliza habari ya kinga, baiskeli ya Nkambo, babu yako mzaa mama, ile Peugeot uliyoipandisha juu ya basi ukaenda nayo Kolwezi: je, uikate portibagaji ya nondo, ile ya kubebea mizigo, iliyochomelewa nyuma na kupaka bluu upya, ifanane na baiskeli ya kwenye picha ya ukutani, au uiache jinsi ilivyo?

Kwanza, pedalie, ule mhimili wa pedali, umeifungua? Naona kadre, yaani fremu, umeisugua hadi inang'aa, lakini klaveti, vile vipini vinavyoshika mikono ya pedali, zina kutu ileile ya tangu ikiwa kwenye kibanda chetu. Kinga ni bili, zile gololi za chuma za ndani, mwanangu. Rangi hata mtoto anapaka.

Klaveti uzimiminie mafuta jioni, ziamke zimelowa. Nati uilegeze mpaka ilingane na ncha ya klaveti, usiitoe yote, ili nyundo isile nyuzi. Weka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedali, kisimame imara juu ya sementi, halafu piga mara moja kwa nguvu. Wanaogonga-gonga kwa woga ndio wanaopinda klaveti. Na kabla ya kununua mpya, pima: za Wafaransa kwa kawaida ni milimita 9, za Waingereza 9.5. Muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa.

Kisha vikombe vinavyoshika bili ndani ya pedalie. Hapo ndipo watu wanaua kinga. Kwenye Raleigh, kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, kinafunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Kwenye Peugeot za umri wa hii, nyuzi za pande zote mbili ni za kawaida, kwa hiyo hata cha kulia kinafunguliwa kinyume cha saa. Baadaye Peugeot walibadilisha, ndiyo maana mafundi wanabishana, lakini hii Nkambo aliinunua mwaka 1974 kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, baada ya zairianisation, serikali ilipochukua biashara za wageni. Fundi mmoja wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, alikwisha kukishika kikombe hicho kwa ufunguo mrefu akivuta upande wa Raleigh. Nkambo akamshika mkono, akalipa pesa yote ya kazi ambayo haikufanyika, akairudisha kinga nyumbani akiisukuma. Tangu siku ile hakuna fundi aliyeigusa pedalie ile isipokuwa yeye, na mimi.

Ndani utakuta bili 11 kila upande, za robo inchi. Ukiona moja imechubuka, tupa zote 22. Ni za bei ndogo. Kikombe chenye mashimo ndicho cha kulilia, maana cha Kifaransa hukipati Kolwezi. Ukiziosha usitumie bakuli la mboga, kama alivyofanya mjomba wako.

Najua, hukuniuliza bili. Umeniuliza portibagaji.

Portibagaji ile ilichomelewa mtaani Katuba miaka ya 1990, mishahara ilipokauka na posho ikakoma. Nilikuwepo. Mchomeleaji alileta nondo za kujengea nyumba, akazishika kwenye mabomba ya nyuma kwa umeme, na rangi ya bluu ikavimba, ikawa nyeusi, ikadondoka. Kinga ambayo Nkambo alikuwa akiipanda Jumapili hadi Kipushi, kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, na bado anakula bukari, ugali wetu, amesimama kwa sababu miguu imechangamka! Siku ile alisimama akitazama cheche bila miwani. Nikamwambia, tata, baba yangu, macho. Hakujibu.

Usukani ule wa kupinda chini akautoa, akaweka wa kunyooka. Derayeri ya Simplex, ile ya plastiki ya kubadilishia gia, ilikuwa imekwisha kupasuka, basi mnyororo ukabaki kwenye gia moja. Tukaanza kuuza makala, mkaa wa kupikia. Yeye alikwenda barabara ya Kasenga usiku, akarudi asubuhi akisukuma magunia yamempita kichwa, mimi nikimpokea njiani na kushikilia kwa nyuma.

Asubuhi moja akatusimamisha mtu wa kikundi chao cha Kipushi. Walikuwa wameendesha pamoja miaka mingi. Alikuwa amekula kwetu. Akaibonyeza makala kwa kidole, akasema ni ya mti mbaya, akapunguza bei, akapunguza tena. Hakusema jina la Nkambo hata mara moja. Alipomaliza akaitazama kinga, nikaona ameitambua kabla ya kumtambua mwenyewe, au pengine alikuwa amemtambua tangu mwanzo. Nkambo akamuuzia kwa bei aliyoitaka. Mimi nisingemuuzia. Mpaka leo nikimwona mtu huyo kanisani nabadilisha benchi, na padri akisema nini juu ya kusamehe, namsikia vizuri sana.

Usiku ule, mgongo wote unauma, Nkambo akafungua pedalie. Akaziosha bili kwa petroli ndani ya kopo, akazihesabu, akapaka grisi mpya. Kinga ya kubeba makala! Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia gunia halijui bili, lakini mguu unajua. Kwa hiyo ninapokuambia kinga ni bili, sikukaripii tu.

Sasa, kukata. Upande mmoja nasema nondo ile ilitulisha, ikanisomesha mimi. Ukiifuta umefuta nini? Lakini usukani wa zamani aliuficha juu ya dari, ndani ya gunia la unga wa posho, umepakwa mafuta. Mtu anayekubali portibagaji yake anaficha usukani wa mbio kwa nini? Halafu najijibu: hali ilipopata nafuu alikuwa na msumeno, alikuwa na nafasi, na hakukata. Au alingoja mtu mwingine akate. Au alisahau. Hapana, Nkambo hakuwa mtu wa kusahau chombo.

Ukikata, usitumie mashine ya kusagia chuma. Mabomba yale ni membamba na moto ulikwisha kuyachosha. Kata kwa msumeno wa mkono, acha milimita 2, malizia kwa tupa polepole, na uchunguze kama kuna ufa pembeni ya kila kidonda. Ukiuona ufa, rangi haitakusaidia, wala usimpandishe mtu. Kromu ya rimu usiiguse kwa msasa. Karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji inatosha.

Mimi ningekuwa wewe ninge... hapana. Kinga ni yako, ulipewa mbele ya wajomba zako wote, na mkubwa wao bado ananinunia. Lakini bluu ile ya kwenye simu yako si yenyewe. Ya Nkambo ilikuwa nzito zaidi. Chini ya kikombe cha kushoto imebaki kidogo, utaiona ukishafungua. Usukani nitampa dereva wa basi la Jumatano. Na ukikifungua kikombe cha kulia, uniambie kimezunguka upande gani, ndipo tuendelee na habari ya msumeno.

Mama yako