Faili lipo, kompyuta inasema halipo

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nasoma upimaji ardhi, kompyuta yangu ya mezani ina Ubuntu. Juzi nimekompaili mwenyewe GDAL, ile programu ya kusoma data za ramani, yaani nimeijenga toka kwenye kodi yake, maana nilitaka vesheni mpya, sudo make install ikaisha vizuri bila kosa lolote, sasa nikiandika ogrinfo, komandi yake mojawapo, inagoma eti imeshindwa kufungua libgdal.so, hakuna faili la jina hilo. Nimeingia /usr/local/lib faili lipo naliona kabisa! Rafiki yangu kaniambia nikopi faili hilo kwenye /usr/lib, mwingine anasema niweke LD_LIBRARY_PATH, ile ya kuitajia Linux folda ya kutafuta, kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila nikifungua terminali. Nifate lipi?

JIBU: Usifate hata moja mdogo wangu, la kukopi ndo kabisa usiliguse. Iko hivi, programu ikiwashwa kwenye Linux kuna kitu kinaitwa ld.so ndo kinaitafutia laibrari zake, yaani mafaili ya kodi inayoyategemea kama hilo libgdal.so, na hakipekui diski nzima, kinasoma orodha iliyoandaliwa mapema kwenye /etc/ld.so.cache. Wewe umeingiza mzigo stoo ila kwenye daftari la stoo haujaandikwa. Piga sudo ldconfig, daftari linaandikwa upya, na kwa Ubuntu /usr/local/lib imeshatajwa ndani ya /etc/ld.so.conf.d kwa hiyo komandi hiyo moja inatosha. Ungekuwa umeiweka /opt/gdal, ungetengeneza faili humo conf.d, jina liishie na .conf, ndani mstari mmoja tu /opt/gdal/lib, alafu ldconfig.

Kukopi nakukataza kwa sababu /usr/lib ni eneo la apt, kile kinachoingiza na kuapdeti programu za Ubuntu, siku ya apdeti mtagongana na hutajua kipi kimetoka wapi. LD_LIBRARY_PATH nayo inasomwa kabla ya lile daftari, ukiiacha kwenye .bashrc kila programu utakayoifungua toka kwenye terminali inalazimishwa kuangalia kwako kwanza, unaweza ukashangaa QGIS, programu ya ramani inayotumia GDAL hiyohiyo, iliyokuwa inafanya kazi jana leo inaanguka. Kwa kujaribu mara moja sawa, iandike mbele ya komandi yenyewe, LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib ogrinfo --version, ikiisha imeisha.

Na hili nakuomba sana ulishike, angalia namba ya mwisho kwenye jina la laibrari. Kama programu inataka libgdal.so.30 na wewe unayo libgdal.so.32 usiitengenezee jina la uongo kwa ln -s, komandi ya kulipa faili jina la pili, wengi wanafanya hivyo na ikiwaka wanafurahi. Namba imebadilika kwa sababu vya ndani vimebadilika, ikianguka hapohapo shukuru, maana inaweza ikaendelea ikakupa majibu mabovu na wewe unapima mpaka wa shamba la mtu. Ikompaili upya hiyo programu, au tafuta laibrari ya namba inayotakiwa.

Ukishapiga ldconfig andika ldd /usr/local/bin/ogrinfo, kila laibrari itakuonyesha imetolewa folda gani. Ukiona bado kuna mstari wenye not found, nitumie majibu yote kama yalivyo, usiyafupishe.