Akriliki haitulii kwa maji
Dada, umeuliza jinsi ya kunyoosha shali yako ya lesi, yaani ya kufuma yenye mashimo ya mapambo. Ikiwa ni ya akriliki, haitatulia kwa kuloweshwa na kubanwa pini. Uzi wa akriliki ni plastiki, ukikauka tu mashimo ya lesi yanajikunja tena. Kinachoufungua ni mvuke: ibane juu ya blanketi kuukuu, shikilia pasi ya mvuke juu yake bila kuigusa, halafu iache ipoe hapo hapo. Polepole lakini! Joto likizidi uzi unalegea na haurudi tena, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo.

Hayo ya maji ni ya sufu. Nafuma za kuuza hapa Nakuru na nyuzi zote mbili nimezitumia. Kwa lesi ningechukua sufu, sindano ya milimita 4 au 5. Njoro, karibu na hapa, kuna akina mama wanaosokota sufu kwa mkono. Shali ya sufu iloweke nusu saa kwenye maji baridi, iviringishe ndani ya taulo uikamue bila kuisokota, ibane kwa pini hadi ikauke kabisa. Ila kila ukiifua, utaibana upya.