Magurudumu yakigusa, usiachie usukani

Ilikuwa Julai, saa tisa alasiri, kusi imeshika kasi. Nilikuwa narudi na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kiwanja kidogo cha pwani ambacho njia yake ya kutulia imelala mashariki na magharibi. Abiria alikuwa mmoja tu, mdogo wangu.

Nililalisha bawa la kulia upande wa upepo, nikainyoosha pua kwa pedali ya kushoto, na gurudumu la kulia likagusa changarawe taratibu kabisa. "Umetua vizuri, kaka," akasema. Nikashusha pumzi, mikono ikarudisha usukani katikati.

Pale pale bawa la kulia likainuka, pua ikageukia upepo, tukatoka nje ya njia. Ncha ya bawa la kushoto ikalima mchanga, gurudumu la mbele likavunjika, propela ikapinda. Tulitoka wazima, alhamdulillahi. Mdogo wangu alisimama kwenye majani ameniganda mkono, hasemi neno.

Wewe unayejifunza, shika hili: ndege ndogo ikiwa chini bado ni mali ya upepo. Mwendo unapopungua, usukani nao unaishiwa nguvu, kwa hiyo endelea kuuzungusha kuelekea upepo mpaka ugote, huku miguu ikilinda mstari wa kati. Usiulegeze hata ndege ikiwa inatembea taratibu kwenda maegesho.

Lakini kosa langu lilianzia hewani. Redioni nilisomewa upepo unaotoka nyuzi 150, yaani kusini-mashariki, wa noti 18 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa), nami natua njia ya 09, yaani pua ikielekea nyuzi 90, mashariki. Tofauti ni nyuzi 60. Hesabu ya kichwani ni nyepesi: nyuzi 30, chukua nusu ya upepo, 45, robo tatu, 60 na kuendelea, hesabu wote. Ukipiga hesabu kamili unapata karibu noti 16 za ubavuni. Kitabu cha 172 kinataja 15, na hizo ni zile alizoweza rubani wa majaribio aliyebobea. Mimi nilikuwa na saa 90 za kurusha ndege.

Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo, nayo niliiona, imenyooka kama fimbo. Soksi ya kawaida hunyooka kabisa upepo ukifika noti 15 hivi, na ikishanyooka haiwezi tena kukuonyesha kama ni 16 au 25. Ukiikuta hivyo, na imekatisha njia, usibembelezane nayo.

Jiwekee kiwango chako ukiwa bado nyumbani, maana ukiwa fainali, yaani umeshaelekea njia tayari kutua, na watu wanakusubiri chini, moyo utakushawishi. Changu ni noti 10 za ubavuni, nimekiandika kwenye karatasi ninayofunga gotini. Mwezi uliopita upepo ulizidi, nikatia nguvu zote, nikapanda, nikaenda kutua kiwanja kingine ambacho njia yake inaikabili kusi. Safari tuliimalizia kwa gari la kukodi.