Breka ikikata, usikimbilie kubwa

Kila Januari wadogo zangu wananiuliza swali lilelile wakishachukua fomu za chuo cha ufundi: "Kaka, hesabu na Kiingereza vya nini? Mimi nataka umeme tu." Nami nilisema hivyohivyo nikisoma Moshi. Kipindi cha hesabu kikifika, mimi niko saiti Majengo navuta waya, jioni nina elfu tano yangu mfukoni. Mkono ulikuwa mwepesi, sitadanganya.

Nikahamia Arusha. Mama mmoja wa mtaa wa Sakina akaniita nimfungie hita ya kuogea, ile inayopasha maji papo hapo, wati 5,500. Nikaiunga kwenye laini ya soketi: waya wa milimita za mraba 2.5, breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ya ampea 20. Akiwasha na birika, breka inakata. Dawa tuliyofundishana mtaani ni moja, weka kubwa. Nikaweka ya 32. Wiki haikuisha, simu ikaita: "Fundi, mbona ukuta unanuka?"

Waya ulikuwa umeiva ndani ya paipu. Nilitengeneza upya kwa pesa yangu, plasta na rangi juu.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja. 5,500 gawanya kwa volti 230, ni karibu ampea 24, na birika bado hujaliongeza. Breka ilikuwa inasema kweli, mimi nikaiziba mdomo. Hita ile ilitaka laini yake peke yake na waya mnene.

Lakini pia wamenijia vijana wenye vyeti safi, kanuni ya Ohm wanaikariri kama sala, ukiwapa paipu wakunje wanaivunja. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, omba kuiona karakana. Hesabu wanafunzi wangapi wanagombania meza moja. Likizo nenda kwa fundi, hata akikupa nauli tu. Kiingereza nacho usikidharau: inveta ya sola inakuja na kitabu chake, na asiyekisoma anabahatisha na betri ya mtu.

Uliyejifunzia saiti hujachelewa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanapima ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti, na leseni ya kufunga umeme ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, haitolewi kwa sifa za mtaani.

Mimi cheti nilikuwa nacho. Hesabu ndiyo niliyoifuata baadaye, usiku, kwenye daftari la fizikia la mdogo wangu wa kidato cha tatu.