Je, Excel haitoshi?

SWALI: Tuko wanafunzi watano, tunaunda droni ya kupiga picha mashamba. Mahitaji yote, yaani masharti ambayo droni lazima iyatimize, tumeyaorodhesha kwenye Excel, sasa yamefika 80. Msimamizi anataka tuhamie kwenye programu ya kusimamia mahitaji. Kuna haja gani?

JIBU: Haja ipo, na mtaiona siku mtakapobadilisha betri. Betri mpya inaongeza uzito, uzito unapunguza muda wa kuruka, na jaribio mlilofaulu mwezi uliopita halina maana tena. Excel itakaa kimya. Programu hizi huunganisha kila hitaji na chanzo chake, sehemu inayolitimiza na jaribio linalolithibitisha. Ukigusa moja, zilizounganishwa nalo huwekewa alama zikaguliwe upya. Mimi niliwahi kupoteza wiki tatu kwa sababu mwenzangu alibadilisha mota, na hakuna aliyekumbuka kwamba vishikizo vya kuifungia vilipimwa kwa ile ya zamani. Bado inaniuma.

Ila programu haiponyi sentensi mbovu. “Droni iwe nyepesi” si hitaji. Andikeni: “Uzito wa droni pamoja na betri usizidi kilo 2.5.” Hapo mnachukua mizani, mnapima. Na vizio vya vipimo msivione vidogo: mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ya kompyuta ilitoa takwimu za msukumo kwa kizio cha pauni wakati hitaji lilitaka nyutoni.

Kwa kuchora muundo wa mfumo, jaribuni programu iitwayo Capella. Ni ya bure. Anzeni na mahitaji kumi yanayohusu betri, mengine yatafuata.